Nguo za Kichanga Mapajani Mwangu

Waliugonga mlango wangu wakitafuta nguo za kichanga, na nguo zenyewe nilikuwa nimezipakata.

Nisikilizeni.

Mchana ule mvua ilishuka ghafla. Nikaanua nguo zote za uani, zangu na za wenzangu, kama nilivyozoea tangu mume wangu atangulie mbele za haki. Nikaingia ndani kukunja.

Simu ikalia. Kundi la wapangaji.

"Nguo za mwanangu ziko wapi? Ana homa, na kamba iko tupu!" Huyo ni binti wa chumba cha pili, aliyejifungua juzijuzi.

Mimi kusoma kwangu ni kwa polepole. Kabla sijajibu, namba nisiyoijua ikaandika: "Muulizeni yule mjane. Kila asubuhi ananong'ona peke yake. Mchawi yule."

Jamani, nilikuwa nasali!

Wengine kundini wakadakia: "Nilijua tu!"

"Mtoto anaumwa, nguo hazipo. Mnangoja nini?"

"Tumtoeni!"

Nikasikia ndala uani, nyingi. Kisha ngumi mlangoni.

Nikifungua, wananikuta nazo. Nisipofungua, wanavunja.

Ee Mungu, nishike.

"Bibi, fungua! Ni mimi!"

Mama Sindano, fundi cherehani. Huyu hatujawahi kuiva chungu kimoja. Kila siku ananisema kwenye kundi. Nikajua nimekwisha.

Nikafungua.

"Si hizo hapo!" mtu akapiga kelele.

Mama Sindano akasimama katikati, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Kafanya nini?"

"Mchawi huyo!"

"Nimeuliza kafanya nini. Sijauliza ni nani."

Mpangaji mmoja, dereva wa lori, akajikuna kisogo. "Ka... kaanua nguo."

"Za watu, bila kuwaambia! Hilo ndilo kosa. Bibi, nimekusema mara ngapi? Hukomi wewe?"

"Nimekosa, wanangu. Nisameheni."

Yule binti wa chumba cha pili akazipapasa zile nguo. Kavu. Akaangua kilio.

Baadaye tukamjua mwenye ile namba. Mpangaji aliyehama zamani. Yuko mji mwingine kabisa, hata hiyo mvua hakuiona.

Ndugu zangu, mtu akikosea, msemeni kwa alichofanya, hata kwa ukali. Kosa langu niliomba radhi likaisha palepale. Lile jina la mchawi je, ningeliombea radhi vipi?

Jana wingu lilipotanda, simu ikalia: "Bibi, tuanulie."

Nikaanua.

Ila siku hizi nakunja mlango ukiwa wazi.