Tanga la Mama Mkwe na Antena ya Jirani

Ofisini kwetu, hapa Kisangani, mimi ndiye mtu anayerudisha faili. Nafanya kazi idara ya ardhi, na nikikuta muhuri umekaa pembeni au tarakimu moja ya namba ya kiwanja haisomeki vizuri, narudisha. Watu wananichukia, najua, na sijutii sana. Huwa nawaambia: soma kwanza kilichoandikwa, ndipo uweke sahihi. Naanza na hilo ili msomaji ajue ni mpumbavu wa aina gani aliyenunua tanga bila kulisoma.

Tanga lenyewe lilikuwa kwa ajili ya mtumbwi wa mama mkwe wangu. Yeye ni mtu wa mto, mzaliwa wa Yanonge, na kwa miaka mingi alipiga kasia peke yake, akipeleka chikwangue, ile mikate ya muhogo, na samaki wa moshi kutoka soko moja hadi jingine. Mwaka jana aliugua, na ugonjwa ukamwachia mkono wa kushoto usiopanda kupita kifua. Watoto wake wakamleta kwetu. Mtumbwi wake nao ukaletwa, ukafungwa pale mtaa wetu unapoishia majini. Kila asubuhi alishuka kuutazama, akayachota maji yaliyoingia usiku, akarudi. Kisha mwezi wa saba akatangaza mbele ya ukoo kwamba mtumbwi usiotembea unaoza. Kama yeye mwenyewe hatakuwa amesafiri nao kabla ya shule kufunguliwa, apewe mpwa wake wa Yanonge. Mke wangu alilia. Sote wawili tulijua kwamba siku mtumbwi ule ukiondoka, mama yake atabaki ameketi nyuma ya jikoni bila kitu cha kumwamsha asubuhi.

Basi nikafungua mdomo. "Nitautia tanga," nikasema, mbele ya mashemeji wote. Mimi, mtu wa milima ya Kivu Kusini, ambaye hadi leo nikivuka mto kwenda Lubunga nashika ubao wa mtumbwi kwa mikono miwili na kufumba macho.

Lazima nieleze jambo moja. Katika ukoo wa mke wangu, mwanamume na mama mkwe wake hawasemezani. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaketi karibu. Ni heshima, si ugomvi. Kwa miaka kumi na tisa kila neno kati yetu lilipitia kwa mke wangu. Mke wangu asipokuwepo, mama mkwe alizungumza na chochote kilichokuwa jirani naye, nami nilipaswa kusikia na kuelewa. Mara nyingi kilikuwa ni bata.

Siku hizo mfanyabiashara mmoja wa sokoni alikuwa amefungua kontena la mitumba kutoka Ulaya. Kati ya magodoro na friji kulikuwa na vifaa vya wale wazungu wanaosimama juu ya ubao, wakashika tanga na kuteleza juu ya maji. Ubao ulikuwa umeshapata mwenyewe, mama mmoja aliyeugeuza meza ya kuuzia mikate. Matanga yaliuzwa kama bâche za kufunikia mihogo. Milingoti, mabomba meusi mepesi ya vipande viwili vinavyochomekana, iliuzwa kama nguzo za antena. Hakuna aliyejiuliza kama tanga fulani lina mlingoti wake, kama vile kufuli lilivyo na ufunguo wake.

Nami sikujiuliza. Nilichagua tanga dogo jekundu lenye dirisha la plastiki, kwa sababu lilikuwa zuri. Kisha nikasimama mbele ya milingoti mitatu iliyobaki, nikakunja uso kama mtaalamu.

"Papa, beba ile murefu," mfanyabiashara akasema. "Ile murefu iko ya batu bakubwa."

Ungemsikia mtu akiniambia hivyo ofisini, ungejua mara moja anataka kunipitishia faili mbovu. Mimi nilitabasamu, nikabeba ule mrefu.

Nilianza kazi uani siku iliyofuata. Tanga lina mfuko mrefu ulioshonwa upande mmoja, na mlingoti hupita humo ndani. Kisha kuna kamba ya chini: unaivuta, mlingoti unajipinda kidogo, tanga linanyooka. Ndivyo inavyotakiwa. Mlingoti wangu ulipita kwenye mfuko wote, ukachomoza juu karibu mita nzima, kama mkono wa mwanafunzi anayeomba kwenda chooni. Nikavuta kamba. Mlingoti haukujipinda hata kidogo. Nikavuta tena, mguu mmoja juu ya ukuta wa jikoni, hadi kamba ikanichana vidole, na tanga bado lilikuwa na makunyanzi mengi kuliko shati la safarini.

Nyuma ya jikoni, mama mkwe alikohoa. Alikuwa amenipa mgongo, kama inavyostahili.

"We bata," akasema, "uliona wapi? Mutu anavalisha mutoto pantalon ya tonton yake."

Suruali ya mjomba! Nilikasirika sana. Nilimwambia mke wangu jioni ile amweleze mama yake kwamba mambo haya yana ufundi wake, na kwamba bata si mhandisi. Sidhani kama aliufikisha ujumbe.

Nilimwita seremala akapigilia ubao wenye tundu sehemu ya mbele ya mtumbwi, mlingoti upate pa kusimama. Alasiri moja, mke wangu akiwa sokoni, nikashuka kufanya jaribio langu la siri. Ili nisiloweshe suruali ya kazi niliivua, nikajifunga kitenge cha mke wangu. Huo ndio uamuzi ninaoukumbuka kuliko yote niliyowahi kuyafanya katika utumishi wa umma.

Nilisogea hatua chache tu kutoka ukingoni, kamba ya mtumbwi ikiwa bado imefungwa kwenye kigingi. Kwanza tanga halikufanya lolote. Lilining'inia hapo kama nguo iliyoanikwa. Kisha upepo wa alasiri, ule unaopanda mto, ukaja kwa mkupuo. Tanga likajaa ghafla, mlingoti ukasimama mgumu, haukuachia upepo hata kidogo, na mtumbwi ukalala ubavu kama mbuzi aliyechoka. Niliingia majini kichwa kwanza. Nilipoibuka, maji yalinifika kifuani, kigingi kilikuwa kimeng'oka, na kitenge kilikuwa kinaelekea Yanonge bila mimi.

Ndipo nikamwona mama mkwe. Alikuwa ameshuka kuutazama mtumbwi wake, na alipoona unaondoka aliidaka kamba kwa mkono wake mzima. Halafu akaniona, akageuka haraka akanipa mgongo. Tukakwama hapo. Yeye hakuweza kuiachia kamba, maana mtumbwi ungechukuliwa na mto, na kwa mkono mmoja hakuweza kuifunga. Mimi sikuweza kutoka majini. Kumwonyesha mama mkwe magoti tu ni aibu. Niliyokuwa nimeyaacha wazi siku ile yalikuwa zaidi ya magoti. Hakuna aliyeruhusiwa kumwambia mwenzake neno, na mke wangu angerudi baada ya saa nzima.

Wanawake waliokuwa wakifua upande wa chini walituona. Sitasimulia kicheko chao.

Baada ya muda mrefu, mama mkwe alianza kuzungumza na mtumbwi.

"Pirogue yangu," akasema, bado amenipa mgongo, "bon, balikuvalisha nguo ya mutoto na muti ya mukubwa. Ile muti iko nguvu sana, inakatala kuinama. Upepo ikikuja, haina fasi ya kutokea. Alors inakuangusha. Na kwa ile nguo kuko maandishi, chini kule. Miye sijue kusoma. Lakini kuko mutu moja hapa, anasomaka makaratasi ya batu kila siku."

Maji yalikuwa ya baridi, lakini masikio yangu yaliwaka moto. Nilitamani kujibu kwamba yale maandishi ni jina la kiwanda. Sikuruhusiwa kujibu, na ninashukuru, maana ingekuwa ni upumbavu mwingine juu ya ule wa kwanza.

Mke wangu alipotutoa pale, mama yake kwanza na mimi baadaye, nilibeba tanga hadi uani, nikalitandaza, nikapiga magoti. Chini kabisa, kwenye pembe iliyo karibu na mlingoti, kulikuwa na kisanduku kidogo kilichochapwa kwa Kifaransa safi. Urefu wa upande wa mlingoti, sentimita 375. Mlingoti unaofaa, 370. Kila kitu kilikuwepo, kwa herufi kubwa. Lilikuwa faili kamili kuliko faili yoyote iliyowahi kupita mezani kwangu. Nikaenda kuutazama mlingoti wangu, nao ulikuwa umeandikwa kwenye kitako chake: 460. Na ndipo nikaelewa kwamba urefu si jambo pekee. Kadiri mlingoti unavyokuwa mrefu ndivyo unavyotengenezwa mgumu, kwa ajili ya tanga kubwa na mtu mzito. Mimi niliufunga kwenye tanga la mtoto.

Zilikuwa zimebaki siku tisa shule ifunguliwe. Nilirudi sokoni mbio, lakini milingoti ilikuwa imekwisha. Nikaanza kutembea mitaani nikitazama juu ya mabati ya watu, hadi mwanamke mmoja akaniuliza kama natafuta nyumba ya kubomoa. Mlingoti niliouhitaji nikaukuta nyumba ya tatu kutoka kwetu, juu ya paa la sajenti mstaafu aliyehama kutoka kambi ya Kapalata. Ulikuwa umeshika antena yake. Nilipanda ngazi kwa ruhusa yake, nikasoma kitako: 370. Nilitaka kuubusu.

Nikampa habari njema kwamba namletea mlingoti mrefu zaidi, badala ya wake mfupi, bila kuomba kitu.

"Mutu wa idara ya ardhi analeta kitu bila kuomba kitu?" akasema. "Apana. Ile iko piège, iko mutego."

Ilinibidi nimsimulie yote: pantalon ya tonton, kitenge, saa nzima majini. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akakubali. Siku hizi bwawa la Tshopo likitupa umeme anatazama mpira bila chenga hata moja, na anawasimulia wageni wake ulikotoka mlingoti ule.

Mlingoti mpya uliingia kwenye mfuko kama mkono kwenye shati lake. Zile sentimita tano zilizopungua nikazijaza kwa kigogo chini ya kitako. Nilipovuta kamba, ukajipinda taratibu, na makunyanzi yakaondoka moja baada ya jingine. Lakini kule juu kabisa tanga likalegea, likawa linapepea. Hilo likaniudhi. Mimi ni mtu wa mistari iliyonyooka. Nikaanza kutafuta namna ya kukaza na huko.

"We bata," sauti ikatoka nyuma ya jikoni, "kule juu ilegee. Mutu akikaza yote, upepo itapita wapi?"

Nikaacha ilegee. Ilikuwa vigumu kwangu kuliko kuvuta.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa tulishuka mtoni. Mpango ulikuwa kwamba mke wangu akae mbele ashike kamba za tanga, mama yake akae nyuma aongoze kwa kasia chini ya mkono wa kulia. Walisogea kidogo. Upepo ulipokuja, mke wangu akapiga kelele, akaachia kila kitu, wakarudi.

"Miye siwezi," akasema. "Papa batoto ndiye anajua ile makamba."

Sikuwahi kuketi hata hatua tatu kutoka kwa mama mkwe wangu, sembuse ndani ya mtumbwi mmoja. Lakini mtumbwi ni wa watu wawili, na kama yeye asingesafiri nao, Jumatatu ungekwenda Yanonge. Niliona mkono wake mzima ukipapasa ukingo wa mtumbwi, ukienda na kurudi. Niliogopa kwa ajili yake, na ningefanya lolote.

Mwishowe aliuambia mtumbwi: "Mbele kuko nafasi. Mutu wa mbele anaangaliaka mbele."

Kumbe ilikuwa kweli. Katika mtumbwi mtu wa mbele hamwoni wa nyuma, na wa nyuma anaona mgongo tu. Nikapanda, suruali ikiwa imefungwa kwa mkanda na kamba juu ya mkanda. Akausukuma kwa kasia. Upepo ukaingia kwenye tanga polepole, mlingoti ukainama kidogo, ukaachia upepo uliozidi, na mtumbwi ukaanza kupanda mto bila mtu kupiga kasia. Nyuma yangu nilisikia mama mkwe akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani.

Tulikuwa mbali na ukingo wakati wingu lilipofika. Upepo uliotangulia mvua ukatupiga ubavuni. Mtumbwi ukainama, maji yakagusa ukingo wake, nami nikafanya ninachofanya siku zote: nikakaza kamba. Hapakuwa na bata, na hapakuwa na wakati wa kuusemesha mtumbwi.

"Mwana yangu, legeza!"

Nikalegeza. Tanga likapepea, mtumbwi ukanyooka. Sauti ile ilikuwa imenijia moja kwa moja, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa.

"Ndiyo, mama," nikasema, bila kugeuka. Machozi yalikuwa yananitoka, na sitasingizia upepo.

"Shika tena," akasema. "Polepole."

Tulipotua alimwagiza mke wangu apige simu Yanonge, amwambie mpwa atafute mtumbwi mwingine. Nyumbani bado hatusemezani. Hapo hakuna kilichobadilika, wala sitaki kibadilike. Mtoni tu ndiko ananisemesha. Ananigombeza njia nzima kwa sababu bado nakaza mno, ananiita mwana, na kila Jumamosi mimi ndiye wa kwanza kufika kwenye mtumbwi.