Risasi Ndefu za Verla

Verla Tostenson hakuwa mwanamke wa kutulia. Hata kahawa aliinywa huku mkono mwingine ukipanga maganda ya risasi mezani. Tangu aachishwe kuendesha basi la shule, kazi iliyompoza kidogo ilikuwa hiyo: kuchukua maganda yaliyokwisha kupigwa, kuyatia fataki na baruti mpya, kisha kuyakandamizia vichwa vya risasi. Mdogo wake, Orrin, hakuwahi kuwinda kwa risasi ya dukani.

Vuli ile Verla aliingiwa na tamaa ya ufundi. Aliviacha vichwa vichomoze zaidi kidogo, kwa kuwa risasi ndefu zilitoboa shabaha matundu yamekaribiana hadi akajichekea mwenyewe. Alizijaribu moja moja, kila moja akiitumbukiza kwa mkono katika chemba, nyuma ya mtutu. Orrin akajaza mfuko, akapanda kambini kwake kuwinda kulungu, huko milimani ambako dubu husikia harufu ya nyama kabla kisu hakijafutwa damu.

Alipoondoka tu, Verla akashindwa kukaa. Akafagia palipofagiwa. Kesho yake akashika bunduki yake ya wenzo, pacha wa ile ya Orrin, akajaza risasi zilizobaki kwenye bomba lililo chini ya mtutu, akausukuma wenzo, ule mkono wa chini unaopandisha risasi. Risasi ikakwama nusu njia. Akaitoa, akarudia. Ikakwama tena. Zilikuwa ndefu mno, hazikuweza kutoka kwenye bomba na kuinuka hadi chemba. Basi Orrin alikuwa na risasi moja tu ya kutegemea, ile atakayoitia kwa mkono. Akimkosa dubu, hana muda wa kutia ya pili. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa mfukoni mwa Orrin.

"Mjinga wewe!" alijifokea. "Unamuua mdogo wako kwa kujionyesha!"

Aliendesha pikapu mpaka barabara ilipokwisha, akakanyaga theluji akitukana na kulia, mfukoni ana risasi za zamani, zile fupi. Akamkuta Orrin anachuna kulungu.

"Dada! Kuna msiba?"

"Lete bunduki." Akausukuma wenzo. Ikakwama. "Umeona nilichokufanyia?"

Orrin akafuta kisu kwenye suruali. "Nilijua tangu jana."

"Ukakaa? Na dubu wote hawa? Una wazimu? Kwa nini hukurudi?"

"Ningerudi, ungeacha kutengeneza." Hakumtazama. "Walipokunyang'anya lile basi, dada, ulikuwa huli, hulali, unazunguka ua tu. Dubu namwogopa, sikatai. Lakini wewe nakuogopea zaidi."

Verla akampiga kofi la bega, kwa nguvu hasa. Kisha akaivua kofia ya Orrin, akamwagia humo risasi fupi zote.

"Kuacha au kutoacha nitaamua mwenyewe," alisema. "Ila ukininyamazia tena, Orrin, dubu akikuacha, nitakumaliza mimi."