Simu Isiyongoja Pakawa

Siku ile mkuu wa shule ninayofanyia kazi aliniagiza nijaribu programu mpya za simu kwa ajili ya maktaba: ya kuskani vitabu, ya kuwakumbusha wanafunzi kuvirudisha, na ya kusoma hadithi kwa sauti. Kufikia saa tisa simu ilikuwa na joto la kukaangia maandazi. Mimi nilisoma shule ya usiku huku nikifanya kazi mchana, lakini uchovu kama ule, jamani, sikuwahi kuuona.

Nyumbani Richfield, huku ughaibuni, nikamwekea binti yangu hadithi ya Kiswahili ili nijilaze kwenye kochi. Yeye hunijibu kila kitu kwa Kiingereza. Neno la Kiswahili linalomtoka mdomoni ni moja tu, lile la kuitikia hadithi.

“Paukwa,” simu ikasema.

“Pakawa!” akaitikia, lakini simu ilikuwa imeshafika msituni na sungura wake. Akairudisha mwanzo. Ikampita tena. Mara ya tatu hakuitikia.

Kimya kile kikanifumbua macho. Nikaizima simu.

“Paukwa,” nikasema, sauti imekwama kama gari kwenye theluji.

“Pakawa!” Nadhani hata watu wa Crystal, ng’ambo ya jiji, walisikia.

Nikaanza kusimulia, viatu vikiwa bado miguuni.