Siku Waliponiita Mayu

Kwetu Usukumani, ngosha ni mwanaume. Mwanamke ni mayu, hata akiwa binti mdogo, na ni neno la heshima. Mimi ni binti, lakini wenzangu watatu wa machungani, wavulana, waliniita Ngosha tangu shule ya msingi, nami nikaitika "naam" kama wavulana, si "abee". Baba hakupata mtoto wa kiume, hivyo kuchunga kukawa kazi yangu. Kwa mluzi niliwashinda wote.

Balaa lilianza nilipofika kidato cha pili. Wasichana darasani waliniita jikedume, nikikaa karibu wanahama. Sikuwajali, au nilijidanganya hivyo. Niliisubiri Jumamosi tu, nivue sketi, nivae kaptula ya baba, niswage ng'ombe hadi lamboni wakanywe maji. Je, nilitaka kuwa mvulana? Mpaka leo sijui nijibu nini. Nilichotaka ni kubaki pale, na wale.

Jumamosi moja nikawakuta wenzangu wameshafika lamboni, ng'ombe wao wanakunywa. Nikaingia majini mpaka magotini kama kawaida. Wakatazamana. Yule niliyempenda kuliko wote, niliyezoea kugawana naye michembe ya viazi vitamu kutoka mfuko mmoja, akakohoa.

"Mayu, wewe kaa kivulini. Wa kwenu tutawanywesha sisi."

Alisema kwa upole kabisa. Angenitukana ningemchapa fimbo, maana tulishapigana mara nyingi yakaisha. Sasa mtu akikuheshimu unampigaje? Nikabana midomo nipige mluzi, ikatoka hewa tupu. Hasira ilinijaa. Nikatoka majini, na sikurudi tena kuchunga nao.

Juzijuzi nilikuwa stendi ya Bariadi, nimevaa gauni la kazini ambalo hadi leo linanikera mabegani. Nahama mguu huu, nahama ule, gari halijai. Nikamwona yule wa michembe, juu ya bodaboda, amenenepa kidogo. Akatazama upande wangu, akapaza sauti.

"Ngosha!"

"Naam!" nikaitika, kwa nguvu, kabla ya mwanaume yeyote pale stendi. Moyo ulinidunda kwa furaha, sifichi.

Nyuma yangu mzee mmoja mwenye gunia akanyoosha mkono. Ndiye aliyeitwa. Bodaboda ikasogea mpaka miguuni pangu.

"Samahani, mayu," akasema, bila kunitambua. "Tupishe kidogo."

Nikawapisha.