Kibao cha Mtu Asiyeingia Panga

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikufa kiangazi kile tulipokuwa tunahamishiwa kijiji kipya, na ndugu zake wakagawana mbuzi kabla udongo wa kaburi haujakauka. Shule niliiacha darasa la tatu. Anayesoma hapa akikuta sentensi imekaa upande aivumilie, au afunge aende zake. Sijamwita.

Naandika kwa sababu mwaka jana alikuja kijana kutoka mjini, ana simu mbili, anafundisha karate uwanjani. Akaniambia, "Mzee, nipe siri ya kutangaza. Wewe wakati ule ulipataje wanafunzi bila mtandao?" Nikamtazama. Hajakaa chini vizuri, hajaulizia hali ya nyumbani, anataka siri. Nikamwambia siri ni mkono wangu wa kushoto, autazame ulivyo. Akacheka, akadhani ni utani wa wazee. Akaupiga picha.

Karate niliikuta Tabora nikiwa mpakiaji. Tulikuwa tunapandisha magunia ya tumbaku kwenye mabehewa. Nyuma ya karakana kulikuwa na banda, na jioni nilisikia watu ndani wanapumua kwa pamoja, kama mtu mmoja mkubwa. Nikachungulia. Mwalimu alikuwa fundi wa reli, mtu mfupi mwenye meno mabovu. Hakuniuliza jina. Alinipa ufagio. Nilifagia lile banda miaka miwili ndipo akaniambia simama mstarini. Baada ya hapo nilikaa kwake miaka kumi na mmoja mpaka akanifunga mkanda mweusi kwa mikono yake. Kibao hakuwa nacho. Hata mlango haukuwa na bawaba zote mbili.

Nilirudi kwetu Mpanda na treni mwaka 1993, nina mke, sanduku na ule mkanda. Pale Shanwe, mtaani kwetu, kulikuwa na ghala lililoachwa, sakafu ya saruji, bati zima. Aliyekuwa na sauti juu ya lile ghala ni mwenyekiti wetu wa mtaa, mtu wa kitambi na kofia, anayeongea huku anatazama saa isiyotembea. Nikamwomba. Akasema, "Ghala ni la watu, si la kucheza wewe peke yako. Mvua ya kwanza ikinyesha nakuja. Nikikuta vijana ishirini, ghala lako. Nisipowakuta nampa mtu wa video."

Mtu wa video alikuwa na jenereta na kibanda cha mabua, anaonyesha picha za mapigano mchana na jioni. Alikuwa analitamani ghala kwa sababu mabua yake yalikuwa yanavuja. Watazamaji wake walikuwa wanatoka mle ndani wanarusharusha mateke barabarani, wanaangukia baiskeli za watu. Hao ndio walikuwa vijana wa Mpanda niliopewa niwafundishe.

Walikuja. Nisiseme hawakuja. Mmoja alitaka ajue pigo moja tu la kumlaza shemeji yake. Mwingine aliniuliza siku gani tutaanza kuruka juu ya ukuta, apange na kazi zake. Nilipompa ufagio akaniambia, "Mwalimu, mimi kufagia nimewaachia dada zangu." Nikamwambia basi amlete dada. Hakurudi, na dada hakumleta. Mpaka Agosti nilikuwa na wanafunzi wanne, na wawili kati yao nadhani walikuwa wanakuja kwa ajili ya kivuli.

Mke wangu alikuwa anauza dagaa sokoni. Akaniambia, "Mume wangu, hata dagaa anatandazwa ndipo mtu amwone. Wewe umejifungia ghalani unasubiri nani akunuse?"

"Mwalimu wangu hakujitangaza."

"Mwalimu wako alikuwa na mshahara wa reli."

Nikaenda kwa mchoraji. Alikuwa mmoja tu mwenye rangi, anayechora vichwa kwenye vibanda vya vinyozi, na vichwa vyake vyote vilifanana, shingo ndefu na nywele kama sufuria iliyofunikwa. Nikamweleza polepole. Chora mtu amesimama, ameinua mkono, amezuia. Basi. Akaitikia, "Ndiyo mzee, ndiyo mzee," bila kuuliza hata kitu kimoja. Mtu anayeitikia hivyo hajakusikia.

Baada ya siku nne alileta ubao mpana kuliko mlango. Amechora mtu wa shingo ndefu, kifua wazi, anapigwa panga kifuani na panga limejikunja kama jani la mgomba lililoona moto. Chini kaandika kwa rangi nyekundu: HAINGII PANGA. NJOO UPATE.

Sasa hapa niseme ukweli wangu. Nilikitazama kile kibao nikakipenda. Nilimfananisha yule mtu na mimi. Nikakipigilia kwenye nguzo mbili kando ya njia ya ng'ombe wanaokwenda mnadani, nikarudi nyuma hatua kumi kukitazama tena. Kosa ni langu, si la mchoraji. Yeye ni mjinga tu, mimi nilikuwa mjinga mwenye mkanda mweusi.

Siku ya mnada nilikuta watu kumi na mmoja wamechuchumaa nje ya ghala. Wasukuma, wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka kaskazini, kila mtu na fimbo yake. Kondoo mmoja kafungwa kwenye mlango wangu. Nikafurahi moyoni. Nikasema wanafunzi hao.

Mmoja akasimama kwa adabu. "Shikamoo. Mganga yupo?"

"Mganga gani?"

"Mwenye dawa ya panga. Tumeona picha."

"Hapa ni karate."

"Hiyohiyo," akasema. Akafungua kitambaa, ndani mna nyembe mpya kumi na moja, kila mtu wa kwake. "Tumekuja na nyembe zetu. Wewe utuchanje tu, na kondoo ni wako. Wezi wa ng'ombe siku hizi wanakuja na mapanga."

Nikawaeleza kwamba sichanji mtu. Kwamba panga halizuiwi na chale, linazuiwa na mguu kujua pa kusimama na mkono kujua pa kwenda, na kwamba kujifunza ni miaka.

Wakatazamana. "Miaka?" yule akasema. "Baba, ng'ombe wanaibwa wiki hii."

Mwingine aliyekuwa kimya akasema kwa sauti ya chini, "Anapandisha bei. Ongezeni kondoo."

Nikawaambia warudi wiki ijayo. Sikuwafukuza, na hilo nalo lilikuwa kosa. Habari zilitembea. Siku iliyofuata walikuja wengine, halafu wengine. Watu wa mjini nao, wanaojiita wasomi, waliosali na kupokea komunyo Jumapili, walikuwa wananifuata kando ya njia na kuninong'oneza kama nina ya kuzuia na risasi. Mtu wa video akapita kwa baiskeli akacheka mpaka akashuka. "Mganga," akaniambia, "ghala utalipata. Lakini badilisha nguo, waganga hawavai nyeupe."

Mke wangu aliyapima mambo kwa njia yake. "Watu ni wengi kuliko ishirini," akasema. "Nyembe wanakuja nazo wenyewe. Majivu yapo jikoni. Wachanje, waandikishe wote, mwenyekiti akija awahesabu. Halafu utawafundisha hiyo ya miguu taratibu."

Yeye si mwanamke mbaya, na hakukosea hesabu. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa ziwa, na bila ghala nilikuwa narudi kubeba magunia, nina umri wa miaka thelathini na kitu. Nilifikiri nusu siku nzima. Nilifika mpaka jikoni, nikayatazama yale majivu.

Kilichonizuia si dini. Nilimwona mawazoni yule aliyesimama kwa adabu, amechanjwa na mimi, anaamini, anatoka zizini kifua wazi mbele ya mtu mwenye panga. Hatakwepa, maana mtu mwenye dawa hakwepi. Anayekwepa ataonekana ameidharau. Panga litaingia pale nilipomchanja. Na mimi nitakuwa ghalani nafundisha kuvuta pumzi.

Siku ya mnada uliofuata niling'oa kibao, nikakifunga kwenye baiskeli, nikakisukuma mpaka katikati ya ng'ombe na watu. Nikavua shati. Nikasema kwa sauti, "Nyie mnaotafuta dawa, njooni mnikague. Mgongo huu, kifua hiki. Mwenye kuona chale aniambie."

Wakaja kweli. Walinigeuza kama wanavyogeuza fahali, wengine wakanikwaruza kwa kucha. Hawakuona kitu. Watu wakaanza kuondoka kwa hasira, kana kwamba nimewaibia. Mmoja akasema, "Huyu ni tapeli." Siku zote nilizokuwa nadhaniwa ni mganga hakuna aliyeniita tapeli. Siku niliyosema kweli ndiyo nikaitwa.

Akatoka mzee mmoja, mwembamba, shuka begani, fimbo yake imeng'aa kwa kushikwa. Akaniuliza, "Kama huna dawa, nikikupiga fimbo itakupata?"

"Itanipata ukiniwahi."

"Na nisipokuwahi?"

"Basi itakuwa yangu."

"Nikupige ya utani au ya ng'ombe?"

"Piga ya mwizi," nikasema.

Ya kwanza ilikuja kichwani, nikaizuia vizuri, watu wakasogea karibu. Nikajisikia. Sijui kama alisoma hilo usoni. Ya pili aliianzia kichwani, ikafia njiani, ikatokea chini upande mwingine, mahali ambapo mwalimu wangu wa reli hakuwahi kunifundisha kwa sababu hakuwahi kuchunga ng'ombe. Nilishusha mkono wa kushoto. Mfupa ulilia, na waliokuwa karibu waliusikia.

Watu wakacheka. Mnada mzima. Mtu akapaza sauti, "Mganga, dawa yako imeisha muda wake." Wakacheka tena, na mtu wa video alikuwa mmojawapo, ana nyama ya mshikaki mkononi.

Mimi sikukaa chini. Mkono ulikuwa unaning'inia, nikausogeza nyuma, nikaweka mguu wa kulia mbele. Nikamwambia mzee, "Ya tatu."

Akanitazama. "Mkono umevunjika, mwanangu."

"Nimeuona. Ya tatu."

Akapiga, na hakupunguza nguvu, namshukuru kwa hilo. Safari hii sikungoja fimbo ifike. Niliingia karibu naye kabla haijashuka, nikamshika nguo ya kifuani na mkono uliobaki, nikamlaza chini polepole kama unavyolaza mtoto. Kichwa chake hakikugusa udongo. Fimbo ilibaki chini ya mguu wangu.

Alikaa pale chini, akakung'uta shuka, akawaambia wenzake, si mimi: "Mwenye dawa nisingempelekea watoto. Dawa ikiisha, mtoto amekufa. Huyu hana, na amebaki amesimama." Akaomba fimbo yake. Nikampa.

Mfupa ulifungwa na mtu wa kuunga mifupa kule Kasokola, kwa vijiti na kamba, na uliunga ulivyotaka wenyewe. Wiki hiyohiyo yule mzee alikuja ghalani na vijana sita, wanawe na wa ndugu zake. Wale wa nyembe nao wakarudi, bila nyembe. Wengine walitoka mbali, Kasekese, wakawa wanalala kwa jamaa zao. Nikawapa ufagio, na walifagia, maana mtu aliyezoea kusafisha zizi haoni saruji kuwa uchafu. Wa mjini hawakuja. Walikuwa bado wanasimuliana nilivyovunjwa.

Mvua ya kwanza ilinyesha asubuhi. Mchana mwenyekiti akafika na kofia yake, mtu wa video nyuma yake. Mle ndani kulikuwa na watu ishirini na watatu wamesimama mistari mitatu, wanapumua kwa pamoja. Mwenyekiti akawahesabu kwa kidole, akarudia. Kisha akasema, "Hawa ni wafugaji. Si wakazi wa mtaa huu. Nilisema vijana wa hapa."

"Hukusema wa hapa."

"Sasa nasema."

Mtu mzima na kofia yake. Aliisema ile sentensi bila aibu, anatazama saa yake iliyokufa. Nilikuwa na mkono mmoja na ungetosha. Sikumgusa. Mzee wa fimbo, aliyekuwa amekaa mlangoni anatazama wanawe, akasimama, akaniuliza, "Hiyo karate inahitaji bati?"

"Haihitaji."

"Basi ng'ombe wanakwenda malishoni asubuhi. Zizi linabaki wazi mchana kutwa."

Tukaondoka wote ishirini na watano, pamoja na mzee, kwenye mvua, tukamwachia saruji yake. Tulifanya mazoezi kwenye zizi la mzee kule Kasokola misimu miwili, tukiteleza kwenye samadi. Aliyejifunza kusimama pale hawezi kuangushwa mahali pengine. Kiangazi cha tatu wanafunzi walifyatua matofali, wakachoma tanuru, na mzee akatoa eneo. Ghala la Shanwe lilionyesha video mpaka jenereta lilipokufa. Baadaye likawa la popo.

Watu wa mjini walianza kuja wenyewe baada ya hapo, wana watoto mkononi, wananiita mwalimu kwa heshima. Niliwapa ufagio hao pia. Nusu walirudi kwao siku hiyohiyo, na sikuwafuata.

Leo nina nyumba mbili Shanwe, moja naishi, moja nimepangisha. Nina ukumbi wa matofali ya kuchoma Kasokola, futi arobaini kwa thelathini. Ng'ombe kumi na wanne, wa kwanza alitoka kwa yule mzee kabla hajafa. Shamba la mpunga. Pikipiki moja, nzima. Mke yuleyule, ambaye bado anasema ningechanja. Mkono wa kushoto usionyooka. Ule ubao nao ninao, ni mlango wa banda la kuku, picha imeelekea ndani.