Matanga ya Papa Keith na Wanamaji Wenzake

Enzi zetu, sisi tuliokulia Villawood, hapa Sydney, Jumamosi ilikuwa na mambo matatu: kusuguliwa magaga kwa jiwe, kusukwa nywele mpaka macho yanavutika, na msiba. Na misiba yenyewe, kwa upande wangu, mingi ilikuwa ya wazungu. Tena wazungu ambao sikuwahi kuwaona, waliofia huko Perth, Hobart, sijui wapi, na wote walikuwa wanamaji wa nyambizi. Najua wengi wenu mlikuwa mnacheza mpira au mnaogelea. Mimi nilikuwa kwenye matanga.

Ilianza hivi. Nilikuwa na miaka kumi, ndiyo kwanza tumefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma: mimi, mama, na mdogo wangu Baraka. Nyumba ya jirani ilikuwa ya mzee mmoja mzungu aliyeishi peke yake, jina lake Keith. Mbele ya nyumba alikuwa amesimamisha mlingoti mrefu kuliko nyumba yenyewe, na bendera yake ilikaa juu usiku na mchana, mvua na jua. Tulimsalimia, akatusalimia, basi.

Jumamosi moja mama akachungulia dirishani akaona bendera iko nusu mlingoti. Kwa alikotoka mama yangu, Kivu huko Kongo, bendera nusu mlingoti maana yake mkubwa amekufa.

"Eh! Kwa mzee wa watu kuna msiba," akasema, "na hakuna hata gari moja mlangoni. Aibu gani hii?"

Akashika simu. Kufikia saa sita mchana, wanawake kumi na wawili wa kanisani walikuwa wamesimama kwenye majani ya mzee Keith, vitenge viunoni, wakiwa na sufuria la sombe ya majani ya muhogo, dagaa wetu tunaowaita ndagala, ugali uliofunikwa kwa kitambaa, na viti vya plastiki vya kanisa. Mama Zawadi alikuwa ameshaanza kulia, maana yeye hulia mapema ili baadaye apate nafasi ya kula vizuri.

Mzee akafungua mlango amevaa bukta na ndara. Akawatazama mmoja mmoja. Nikasukumwa mbele, kwa sababu enzi hizo mtoto aliyekaa darasani miezi miwili ndiye alikuwa mkalimani wa ukoo mzima.

"Muulize nani amefariki," mama akasema.

"Noel," akajibu mzee.

"Noel ni nani wake?"

Mzee akafikiri kidogo. Akasema Noel alikuwa mpishi wao kwenye nyambizi. Alikuwa akioka mikate chini ya bahari, na siku ya mikate watu walikuwa wanakumbuka kwamba nchi kavu bado ipo. Nikatafsiri, nikiwa na wasiwasi kwamba mama atasema twende nyumbani. Mama akawageukia wenzake.

"Amekula chakula cha mkono wa mtu huyo. Huyo ni ndugu yake. Ingieni."

Mzee hakuwa amewakaribisha, lakini pia hakuwa amewakataza, na kwa akina mama wa Kivu hayo mawili ni jambo moja. Wakaingia, wakapanga viti, wakamkalisha. Akauliza kama viti vinatosha.

Aliomba jambo moja tu: pasiwe na kelele. Kwenye nyambizi, alisema, kelele inaua. Zilikuwepo siku walizotembea kwa soksi, na mtu akiangusha kijiko wenzake wanamtazama mpaka anajuta kuzaliwa. Kwa hiyo wenzake wakifa aliwakumbuka kimya kimya. Mama Zawadi akakimeza kilio chake katikati, akapaliwa, akapewa maji.

Utaratibu wa mzee ulikuwa huu: alisimama, akataja jina la marehemu, akataja kazi aliyoifanya chomboni, akasema jambo moja juu yake. Moja tu. Kisha dakika ya ukimya, kisha tone la pombe kali. Akina mama waliikataa pombe kwa heshima, wakanywa Fanta. Mama aliona jambo moja ni ubahili, maana kwetu marehemu husifiwa mpaka mwenyewe angeona haya, lakini nyumba ilikuwa ya mwenyewe. Siku tatu walikaa pale kwa zamu. Siku ya tatu mzee alikula sombe sahani mbili.

Basi ikawa hivyo. Bendera ikishuka, mama anaweka sufuria jikoni. Akafa Barry, aliyekuwa akikaa na visikilizio masikioni kusikiliza bahari, na aliweza kutofautisha nyangumi na meli kwa mvumo tu. Alipostaafu hakutaka hata redio ndani ya nyumba. Akafa Des, fundi wa injini, ambaye mke wake alimlazimisha avue nguo uani kila anaporudi, kwa jinsi alivyonuka dizeli. Siku ya Des, mzee alisahau sheria yake akasema mambo mawili. La pili lilikuwa kwamba walilala kitanda kimoja kwa zamu, huyu akiamka huyu anaingia, na godoro lilikuwa halipati muda wa kupoa. Nikatafsiri.

"Kambini tulilala hivyo," mama akasema, "na hatukuwa na injini."

Hii nayo nikaitafsiri. Mzee akampa mama mkono. Kuanzia siku hiyo tukamwita Papa Keith, maana kwetu papa ni baba, na yeye akaacha kutuuliza tunarudi kwetu lini.

Mimi na Baraka tulikuwa na mchezo wetu, nyambizi ya chini ya meza, kitenge kimeshushwa pande zote, na wa kwanza kucheka ndiye amezamisha chombo. Tuliweza kukaa saa nzima bila sauti. Binti yangu Neema leo hawezi kukaa dakika nne bila simu, na zikifika tano ananiambia kwa Kiingereza kwamba ninamtesa.

Msiba wa nne ulipokwisha, akina mama wakikusanya viti, Papa Keith aliniita. Akasema nimwambie mama kwamba katika kundi lao amebaki yeye peke yake. Mke hakuwa naye tena, mtoto hakuwahi kupata. Hajui ni nani atakayemkalia matanga yeye.

"Mwambie aache ujinga," mama akasema. "Tutakuja sisi. Kabla hajapoa tutakuwa tumefika."

Ule ujinga niliuacha, kwa adabu. Mengine nikayasema yote. Papa Keith akacheka kwa sauti ndani ya nyumba yake mwenyewe, kisha akaomba radhi kwa kelele.

Nilikuwa na miaka kumi na sita alipofariki. Mama alikuwa anafanya kazi ghalani Ingleburn, na kila asubuhi akingoja gari la kazini alitazama upande wa jirani akasema, "Bendera iko juu. Papa mzima." Jumatatu alisema hivyo. Jumanne alisema hivyo. Jumatano alinituma nimpelekee maandazi jioni, nikamwambia nina mtihani, nitampelekea kesho, mbona bendera iko juu. Akakubali.

Alhamisi ni siku ya gari la taka, na pipa la Papa Keith halikutoka barabarani. Mama akaenda kugonga. Akagonga sana. Polisi walipofungua walimkuta kwenye kiti chake, na walisema amekufa tangu Jumatatu.

"Lakini bendera iko juu," mama akasema. Alisema mara tatu. Nikamtafsiria askari, naye akageuka akaitazama, akasema ndiyo, ni bendera nzuri.

Hakuwa amebaki mtu wa kuishusha. Jambo la wazi kama hilo, na sisi tuliokalia misiba yake yote hatukuliwaza hata siku moja. Mimi maandazi yale niliyala mwenyewe, na mpaka leo nikiyakumbuka naumia.

Mama alikwenda mlingotini akafungua kamba, akaishusha, hakuomba ruhusa kwa mtu. Kisha akampigia msimamizi wake simu kwamba hatakuja kazini siku tatu, ndugu yake amekufa. Nyumba ilikuwa imefungwa, kwa hiyo matanga yalikuwa nje, kwenye majani. Jumamosi akafika mpwa wa Papa Keith, mama wa makamo, kwa ndege kutoka Perth. Alipoona watu ishirini kwenye viti mbele ya nyumba alidhani inapigwa mnada, maana Sydney umati wa Jumamosi mlangoni kwa mtu huwa ni huo. Akauliza bei imefika wapi. Nikamweleza. Akakaa kwenye kiti alichopewa.

Mama akasimama. "Jina lake Keith," akasema. "Alikuwa baharia wa nyambizi. Tulimwahidi kuja kabla hajapoa, tukaja siku ya nne."

Akakaa. Nikamtafsiria mpwa, na safari hii sikuacha neno. Dakika ya ukimya ilipita, ya pili ikapita, na hata Mama Zawadi hakutoa sauti.

Siku hizi msiba ni kundi la simu. Mtu anafariki saa mbili, saa mbili na dakika tano una picha mia za mikono inayoomba, saa tatu kijana mmoja ameshaweka matokeo ya mpira. Siwacheki sana. Mimi mwenyewe naishi Parramatta, ghorofa ya kumi na moja, na jirani wa mlango unaotazamana na wangu namjua kwa viatu anavyoviacha nje. Ni mzee, nadhani. Viatu ni vya mzee.

Mama sasa amestaafu, na kila asubuhi ananipigia simu. Hanisalimii kwanza.

"Jirani yako mzima?"

"Mzima, mama."

"Umemwona yeye, au umeuona mlango wake?"