Ploti Iliponyamaza kwa Ajili Yangu

Stima ikipotea mtaani kwetu, kuna dakika moja ambapo kila kitu hunyamaza kwa mpigo: friji, televisheni ya jirani, mashine ya kinyozi pale chini. Watu wengine hufurahia utulivu huo. Mimi mara niko tena Lindi, kule Kibera, msichana wa Kidato cha Nne mwenye D ya mock, ule mtihani wa majaribio, nimekaa mbele ya kitabu cha biolojia na hakuna mstari unaoingia.

D ile Mama aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi, kisha akafungua kitambaa cha kichwani na kukifunga upya. Yeye aliachia shule darasa la saba na aliuza chapati na maharagwe tangu nimjue. Mimi nilitaka uuguzi, na uuguzi ulitaka C. Nikiikosa, binamu yake Mama mwenye kibanda cha mitumba Kawangware alikuwa amekwisha kuniwekea nafasi ya kupanga viatu. Hakuwa mtu mbaya, ila aliizungumzia nafasi hiyo kwa uhakika mno, nami nilimchukia kwa hilo.

Jioni hiyohiyo Mama alipita mlango kwa mlango. Vyumba vya mabati vya ploti yetu vilitazamana uani. Chetu tu, kwa kuwa kilikuwa cha mwisho, kilifungulia mlango upande wa njia ya mto. Majirani hawakutuona tukiingia wala kutoka, lakini tulisikiana hata tukipiga chafya. Nilimsikia Mama akimwomba Wanyama, fundi wa majiko.

"Msichana wangu ni candidate. Naomba tu mnisaidie na kelele, kutoka saa kumi na moja mpaka saa moja jioni. Ni mpaka amalize mtihani."

"Hiyo si kitu, Mama Nafula," Wanyama alijibu. "Nyundo nitaweka chini. Huyo ni mtoto wetu sote."

Kesho yake ploti ikanyamaza. Sijui kama umewahi kusikia ploti ya Kibera ikinyamaza. Mimi sikuwa nimewahi, na nilizaliwa humo. Nyundo ilikoma katikati ya kazi. Redio zikazimwa. Mtoto wa Mama Shiru, aliyekuwa akiota meno na hasira zake, alianza kulia, na papo hapo nikasikia mama yake akitoka naye mbio hadi barabarani, mvua ikinyesha. Nilijua wote wananisikiliza. Nikikohoa, wamesikia. Nikivuta stuli, wamesikia kwamba nimeacha kusoma. Nilikaa kama mshtakiwa anayengoja kuitwa jina, na asubuhi pale kwenye mfereji, tukiteka maji, wakaniuliza kwa furaha, "Candidate, inaingia?" Nikasema inaingia. Ningesema nini?

Ukweli ni kwamba nililelewa ndani ya kelele. Bila kelele nilijihisi nimevuliwa nguo mbele za watu. Lakini utamwambiaje mtu aliyesimama mvuani na mtoto wake kwamba anakuharibia?

Shule yetu ilikuwa Kawangware, mwendo mrefu wa miguu kutoka kwetu. Katika jaribio lililofuata, mwalimu wa hesabu aliniwekea karatasi juu ya dawati: nilikuwa nimeanguka chini ya mock. "Wenzako wanapanda," alisema, "wewe unarudi nyuma aje?" Darasa likacheka. Nilitamani kumtupia karatasi ile usoni, yeye na darasa lake.

Siku hiyo sikuwa na nguvu za kwenda kukalia kile kimya. Nyuma ya shule kulikuwa na posho mill, kinu cha kusaga mahindi, mali ya mama mmoja mwenye ploti zake hapo Kawangware, na mashine yake ilinguruma hadi meno yakatetemeka mdomoni. Niliketi juu ya gunia la mahindi, harufu ya unga moto ikinijaa puani, nikafungua hesabu kwa sababu tu mikono haikuwa na kazi nyingine. Swali la kwanza likatoka. La pili likatoka. Nilipoinua kichwa, giza lilikuwa likiingia, nywele zangu zilikuwa nyeupe kwa unga, na mwenye mashine alikuwa akinitazama.

"Kesho ukuje na kitu ya kufunika kichwa," akasema.

Nikamwambia Mama kwamba kuna remedial, masomo ya ziada ya jioni. Alikubali, kisha akaanza kuchunguza unga kwenye kola yangu, na alasiri moja akafunga biashara mapema akaja shuleni kuuliza. Hakukuwa na remedial yoyote. Nilimwona akisimama mlangoni pa posho mill, amelowa jasho, macho yakinitafuta katikati ya magunia. Nadhani alitarajia kunikuta na mvulana.

"Remedial ndio hii?"

"Mama, huku naelewa. Nyumbani naogopa hata kukohoa."

"Nimeziba watu wazima midomo, Nafula! Mama Shiru ananyeshewa na mtoto juu yako. Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie wapige kelele."

Nilingoja kofi. Alichukua daftari langu, akaitazama hesabu niliyoimaliza, ambayo hakuweza kuifuata, akanirudishia. "Mashine ikizima, ukuje straight," akasema. Akaondoka bila kuniangalia, na mimi niliumia kuliko kama angenipiga.

Tangu hapo nilifika nyumbani saa moja, nikaikuta nyundo ya Wanyama ikilia na redio zikishindana. Nikaamini Mama amewaeleza, yameisha. Mtihani ukaja nikaufanya, na C ikaja. Haikuwa na alama ya kujumlisha, lakini ilikuwa C, na leo mimi ni muuguzi.

Mwaka jana tulimhamisha Mama kutoka Lindi. Mama Shiru alikuja kutusaidia kukunja godoro, akaanza kunisifu.

"Wewe ulisoma, wacha tu. Jioni yote tulikuwa tunakusikia. Unasoma kwa sauti, polepole, ukifika kwa jina ngumu unarudia. Ile ya moyo na mishipa hata mimi nilishika yote!"

Sikuwahi kusoma kwa sauti katika chumba kile. Saa hizo zote nilikuwa Kawangware, juu ya gunia, na hesabu zangu; kitabu cha biolojia kilibaki nyumbani. Nikamgeukia Mama, aliyekuwa akifunga sufuria ndani ya shuka kana kwamba hajasikia.

"Ni wewe?" nikamnong'oneza.

"Ningewaambia umekataa msaada yao?" akasema chini chini. "Na kimya ilikuwa imeshapatikana. Nikae tu?"

Kisha akaniuliza kama ni kweli figo moja ikiharibika, nyingine yaweza kubeba kazi yote. Nikamweleza taratibu kama ninavyowaeleza wagonjwa wangu, naye akaitikia kwa kichwa kila neno, kwa sababu yote alikuwa anayajua.

Nilidhani ploti nzima ilininyamazia mimi, na nikaona fahari kukikimbia kile kimya. Kumbe nyuma yangu alibaki mtu ambaye, maisha yake yote, hakuna aliyewahi kumnyamazia asome.